Kijana wa Stendi Anapotaka Chumba

Ikifika Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, mtoto wa mtaani hupata fulana, soda na hotuba. Kijana wa mtaani hana siku yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Akishavuka hapo, kituo kilichomlea huanza kumuuliza ataondoka lini, na abiria aliyekuwa akimpa mia mbili dirishani sasa anavuta mkoba wake kifuani. Makala haya yanamhusu huyo: kijana wa miaka 18 hadi 24 hivi anayelala stendi, sokoni au kwenye baraza za maduka, au aliyetoka kituoni juzi na kimfuko cha nguo. Yameandikwa kwa ajili yako unayetaka kumshika mkono, uwe mwalimu wa madrasa, mzee wa kanisa, fundi mwenye gereji au mama mwenye vyumba vya kupangisha.

Kwanza tuelewane kuhusu hiki kinachoitwa kujiamini, maana kimezaa semina na posho nyingi kuliko matunda. Mtu aliyetoka Singida hadi Dar es Salaam akiwa na miaka 11 kwa kudandia lori, akajua ni mama ntilie gani anagawa ukoko na saa ngapi, mlinzi yupi anaongeka na yupi anapiga kwanza ndipo anauliza, huyo hajapungukiwa ujasiri. Mpe katoni ya maji kwenye foleni ya magari uone atakavyoimaliza. Kinachomshinda ni meza. Mbele ya karani, daktari, mwenye nyumba au mtu wa benki, sauti inakauka na macho yanaenda chini, au anawaka kwa neno dogo na kuondoka. Na ana sababu. Vifungu vya uzururaji vya Kanuni ya Adhabu, cha 176 na cha 177, vimewalaza mahabusu vijana wengi ambao kosa lao lilikuwa kuonekana hawana shughuli. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za aina hiyo zinakinzana na Mkataba wa Afrika, lakini mgambo wa saa nane usiku hajayasoma. Kijana ameshajifunza kwamba mwenye meza ni mtu wa kukimbiwa.

Kwa hiyo hotuba za kujiamini ziweke kando. Mpeleke mezani, mkiwa wawili, kwa shauri ambalo mwisho wake ataondoka na kitu mkononi.

Cha kwanza ni karatasi. Ili aweke fedha kwenye simu anahitaji laini iliyosajiliwa. Laini husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. NIDA wanataka viambatisho, cheti cha kuzaliwa kikiwa mbele, pamoja na barua ya serikali ya mtaa. Na mwenyekiti wa mtaa, kabla hajashika kalamu, anauliza swali moja: "Unakaa kwa nani?" Hapo ndipo wengi wamegeuzia safari.

Kazi yako ni kuwa jibu la swali hilo, au kumtafuta mtu atakayekubali kuwa jibu. Kabla ya kwenda, kaeni chini mkusanye habari zake: majina matatu (kijiweni huenda anaitwa kwa jina moja la utani ambalo halina nafasi kwenye fomu), kijiji, kata, wilaya, jina la mama, shule aliyosoma hata kama aliishia darasa la pili. RITA husajili pia waliochelewa, na hapo cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au barua ya shule vinaweza kusimama kama ushahidi. Mpigieni simu mtendaji wa kijiji chao. Simu kama hiyo huweza kumwibua shangazi ambaye miaka yote alidhani mtoto amekufa. Kuandikishwa NIDA mara ya kwanza ni bure, na kijana alijue hilo kabla hajakutana na mtu wa pembeni anayetaka ya soda. Kadi ikichelewa asikate tamaa, namba inatosha kuanzia.

Siku ya kwenda, kaa nyuma yake. Karani atakutazama wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyechomekea: "Huyu anaitwa nani?" Mjibu tu, "Muulize mwenyewe, ndugu yangu." Mara ya kwanza kijana atanong'ona. Kwenye ofisi ya tatu au ya nne utamsikia akitaja majina yake yote kwa sauti bila kukugeukia. Mafunzo yenyewe ndiyo hayo, na hayahitaji kukodi ukumbi. Timu ya Tanzania iliyotwaa Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani kule Rio de Janeiro mwaka 2014, kwa kuifunga Burundi kwenye fainali, tuliishangilia kwa mabao yake. Lakini kabla ya kukanyaga nyasi za Brazili, kila mchezaji alilazimika kwanza kuwa mtu mwenye pasi ya kusafiria, yaani mwenye jina, tarehe ya kuzaliwa na nchi.

Tuje kwenye fedha. Lawama ya kila siku ni kwamba vijana hawa hawajui kuweka akiba: jana kapata elfu kumi na tano kwa kushusha mizigo, leo asubuhi anaomba ya chai. Hebu lala wewe barazani na elfu kumi na tano mfukoni. Utaamka haipo, na pengine imeondoka pamoja na kipande cha suruali, maana mifuko hukatwa kwa wembe. Kuila yote kabla ya kulala ni hesabu sahihi kabisa ya mtu asiye na kufuli. Ndiyo maana daftari la bajeti si mahali pa kuanzia. Anza na mahali salama: laini yake mwenyewe, namba ya siri anayoijua yeye tu, na desturi ya kuweka kila jioni kabla ya kurudi kijiweni, hata ikiwa ni mia tano. Wakati karatasi zikisubiriwa, mama ntilie anayemwamini anaweza kumtunzia, na wengi tayari wanafanya hivyo. Waandikiane tu. Lakini wewe usizishike. Msaidizi anayeshika fedha za kijana hugeuka bosi wake, na siku mtakayokosana hatarudi kuzidai.

Bajeti itakuja yenyewe akishakuwa na kitu cha kukipangia. Na kitu hicho, kwa karibu kila niliyezungumza naye, ni geto.

Hapa tupige hesabu pamoja. Tuseme mmepata chumba kimoja pembezoni mwa mji kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita: 240,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja: 40,000. Hizo ni 280,000 kabla ya godoro, ndoo na kufuli. Kwa anayeweka 2,000 kila siku bila kuruka hata moja, ni siku 140. Nionyeshe kijana wa stendi anayemaliza siku 140 bila malaria, bila kukamatwa na bila kuibiwa. Wengi hurudi nyuma mbele ya mlima huu, kisha sisi tunauita uvivu.

Ushauri wangu ni huu: usimlipie kodi yote ya miezi sita. Najua inavutia, maana unatoa mara moja na roho inatulia. Lakini mwezi wa saba utafika na kijana hajawahi kulipa hata mmoja, na hana desturi wala akiba. Ni afadhali utumie heshima yako kuliko fedha zako. Nenda kwa mwenye nyumba anayekufahamu, umwombe apokee kodi ya mwezi mwezi, nawe usimame mdhamini wa miezi miwili ya mwanzo. Kijana alipe mwenyewe, kwa mkono wake, na apewe risiti. Mkataba uandikwe hata kwa kalamu, na kama hajui kusoma asomewe mbele ya shahidi. Vijana wawili wanaweza kuchangia chumba, kama wanafunzi wa vyuo wanavyofanya, ila wachaguane wenyewe. Ukiwapanga wewe, watavumiliana kwa ajili yako, na uvumilivu wa namna hiyo haumalizi mwezi.

Halafu unakuja usiku wa kwanza, ambao wafadhili wengi hawaufikirii kabisa. Chukua kijana aliyelala stendi tangu utotoni. Amezoea kulala katikati ya wenzake wanane, mgongo kwa mgongo, honi za mabasi ya alfajiri zikiwa ndiyo saa yake. Leo yumo ndani peke yake, mlango umefungwa, taa imezimwa. Anasikiliza kila hatua ya mpangaji anayekwenda chooni. Saa tisa anainuka, anafunga mlango, anatembea hadi stendi, na huko analala fofofo. Asubuhi aliyemdhamini anasikia habari na kusema, "Hawa watu hata uwape nini!" Jamani, mwacheni. Mwili hauhami kwa siku moja. Alale huku na huku kwa wiki za mwanzo bila kuulizwa maswali ya polisi. Redio ndogo inayoongea usiku husaidia. Kumtembelea jioni na kula naye humo ndani husaidia zaidi, kwa sababu chumba kinaanza kuwa na habari zake.

Hatari ya pili ni kinyume cha hiyo. Wenzake wanasikia ana paa, wanakuja. Hao ndio waliomgawia boksi la kulalia na kumficha msako ulipopita. Atawafukuza kwa mdomo gani? Wiki ya pili mwenye nyumba anakuta watu saba ndani na sigara dirishani. Kumwambia kijana awaache marafiki wabaya ni maneno matupu, kwani hana wengine. Mpe sentensi ya kusema, na muifanyie mazoezi kama igizo: "Karibu tule, lakini kulala mwenye nyumba hakubali." Lawama zote abebeshwe mwenye nyumba. Hatajali, amezoea.

Stadi za ndani zenyewe hazina maajabu, na kijana hodari atazishika ndani ya miezi miwili. Nyumba ya kupanga ya vyumba sita ina sheria ambazo hazikuandikwa popote: kuwaamkia wakubwa, zamu ya choo na uwanja, mchango wa LUKU, kuanua nguo za jirani mvua inapoanza. Amwombe mpangaji mmoja wa siku nyingi amweleze, na ombi hilo peke yake humpatia jirani. Apike wali, maharage na ugali, ili chakula cha kununua kiwe cha mchana tu. Moja halina mjadala: jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi ya Arusha, kwa sababu hewa yake inaua mtu akiwa usingizini. Mtu aliyelala nje miaka yote hana jinsi ya kulijua hilo.

Kuhusu kazi, nina ugomvi wa zamani na cherehani. Kila mradi unagawa cherehani, au seti ya saluni, na picha hupigwa. Mwezi wa tatu ukiuliza, cherehani imeuzwa. Waulizaji hushika vichwa. Lakini alale nayo wapi? Kifaa kinataka mlango unaofungwa, kinataka mteja anayejua pa kumpata fundi, kinataka na mtaji wa uzi na kitambaa. Kitolewe mwisho, baada ya kijana kushika ufundi.

Muulize kwanza anachokijua tayari. Aliyeokota skrepa miaka minne anatofautisha shaba na aluminiamu kwa uzito wa mkononi. Aliyekuwa deiwaka wa daladala anajua njia, nauli na namna ya kuongea na watu wenye hasira. Aliyekuwa saidia fundi anachanganya zege kwa jicho. Anayetaka ufundi mpya, mtafutie uanagenzi kwa fundi mmoja mwenye subira, na hapa ndipo fedha zako zinapofanya kazi kubwa. Kijana anayepata elfu tano kwa siku kwa kubeba mizigo hawezi kukaa gereji miezi sita bila shilingi, kwa sababu njaa haingoji cheti. Lipia nauli na chakula chake cha mchana, na upatane na fundi mapema kwamba kuanzia mwezi fulani atampa chochote kwa kazi aliyoifanya. Akishaiva, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: anapimwa kwa vitendo, mapungufu yake yanazibwa, anapewa cheti. Kwa mtu ambaye hajawahi kuandikwa jina kwenye karatasi ya sifa, cheti hicho ni jambo la kufungiwa fremu.

Mkataba wa bodaboda usiukimbilie. Najua ndio unaoonekana rahisi. Lakini hesabu ya bosi hudaiwa kila siku, iwe mvua au homa, na ajali moja humwacha kijana na mguu uliovunjika na deni ambalo hakulikopa kwa hiari. Kwanza leseni, kwanza akiba ya dharura, pikipiki baadaye.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, nayo ni ya baadaye. Inakwenda kwa vikundi vilivyosajiliwa, na kikundi kilichoundwa ili kupata mkopo hufa mkopo ukiingia. Anzeni na upatu wa watu watano wanaojuana kweli. Hapa mtaa wenyewe una hazina tunayoipuuza: kambi za kulala zina viongozi, kanuni na uaminifu wake. Undugu Society ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1973 na padri Mholanzi, Arnold Grol, ilianza kwa kuwafuata vijana wa maegesho ya magari pale pale walipo, na baadaye ikawajenga kupitia vikundi vyao wenyewe. Kuvunja kambi na kumtoa mmoja mmoja ni kumpokonya ndugu pekee alionao.

Kwa kijana wa kike mambo hayako hivyo. Humuoni stendi usiku, na wengi huhesabu kwamba hayupo. Yupo: kwenye chumba cha mwanamume aliyemhifadhi kwa bei anayoijua yeye, kwenye kazi za ndani bila mshahara, au nyuma ya baa. Mara nyingi ana mtoto mgongoni. Asaidiwe na mwanamke, na chumba chake kiwe kwenye nyumba ambayo mama mwenye nyumba anaishi humo humo. Mafunzo ya ufundi yasiyo na mpango wa nani atabaki na mtoto ni mafunzo ya wiki mbili. Ajue pia njia ya Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, na apelekwe kulizoea kabla hajalihitaji.

Na kuna unga na gundi. Usijidanganye kwamba chumba na kazi vitaviondoa. Anayetumia heroini anahitaji tiba, na kliniki za methadoni zipo tangu ile ya Muhimbili ilipoanza mwaka 2011. Dawa anakunywa pale kliniki kila siku, kwa hiyo chumba na kazi vitafutwe jirani na huko.

Baada ya yote hayo, kinachobaki ni mtu. Sisi tunaojiita watu wa kujitegemea tuna namba za kupiga tukiugua, tukifiwa, kodi ikigoma. Kijana huyu naye anataka namba moja ambayo haikatwi. Wekeni siku, tuseme kila Jumapili jioni, na uishike. Kama huwezi kila wiki, ahidi kila mwezi. Ameahidiwa mengi na wengi, na ahadi ndogo inayotimizwa inamjenga kuliko kubwa inayosuasua. Akipoteza ufunguo, anunue kufuli mwenyewe. Akigombana na fundi, msikilize, kisha arudi akaombe radhi mwenyewe, wewe ukiwa nje ya geti. Safari nyingine usiende kabisa, usubiri simu. Ataanguka, na pengine atarudi stendi mwezi mzima. Siku akirudi, mpokee na kuendelea pale mlipoishia, bila kumsomea hesabu ya ulichompa. Na ile njia ya kijijini isifungwe. Hata kama hawezi kurudi kuishi, Idi au Krismasi moja nyumbani, akiwa na kilo mbili za sukari alizonunua kwa jasho lake, hubadili namna ukoo unavyomtaja.

Ukikutana na aliye chini ya miaka 18, usijaribu haya peke yako. Piga 116, Namba ya Simu ya Huduma kwa Mtoto, ambayo ni bure, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata.

Kwa wenye nyumba nina ombi. Cherehani zimekwisha kugawiwa za kutosha. Kinachokosekana ni vyumba ambavyo kodi yake inapokelewa mwezi mwezi kutoka kwa kijana asiye na ukoo mjini. Kama unacho kimoja kilichokaa wazi tangu mpangaji wa mwisho ahame, mwambie afisa ustawi wa jamii wako wiki hii.